Walijifunza Kusoma Ili Wapige Kura

Mtu mzima anayejua kusoma hupata faida nyingi. Husoma barua yake mwenyewe. Huona mwenyewe mizani inasema nini anapouza pamba yake. Lakini katika majimbo ya kusini ya Marekani, mpaka mwaka 1965, kusoma kulikuwa na uzito mwingine. Mtu mweusi asiyejua kusoma alinyimwa kura. Hata yule aliyejua kusoma alizuiwa kwa hila.

Ndugu msomaji, hii ni habari ya wakulima waliopambana na hila hiyo. Ni habari pia ya vijana waliokwenda kuwasaidia, na ya mambo waliyojifunza kwa wakulima hao.

SHERIA YENYE MTEGO

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Mwaka 1870 Katiba ya nchi ilisema kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Lakini matajiri wa kusini walitafuta njia ya kuwaweka watu weusi chini.

Tutazame jimbo la Mississippi. Hiyo ni nchi ya pamba. Watu weusi wengi hawakuwa na ardhi. Walilima mashamba ya Wazungu, kisha mavuno yakagawanywa. Mwenye shamba ndiye aliyeandika hesabu. Alikata bei ya mbegu, ya mbolea, na ya chakula alichowakopesha. Mara nyingi mkulima alimaliza mwaka bado ana deni.

Mtu mweusi alipokwenda kujiandikisha kupiga kura, karani alimpa mtihani. Alichagua kifungu kimoja cha Katiba ya jimbo. Katiba hiyo ilikuwa na vifungu zaidi ya 280. Mwombaji alitakiwa akinakili kifungu hicho, kisha aeleze maana yake kwa maandishi. Karani mwenyewe ndiye aliyeamua nani amefaulu. Mzungu aliweza kupewa kifungu chepesi. Mtu mweusi alipewa kigumu, na hata akijibu vizuri aliweza kuambiwa ameshindwa.

Tena, sheria ya mwaka 1962 iliagiza majina ya waombaji yachapishwe gazetini. Kwa njia hiyo kila mwenye shamba alijua ni mkulima wake yupi aliyekwenda kujiandikisha.

Ndiyo maana kabla ya mwaka 1965, katika kila watu weusi 100 wa Mississippi wenye umri wa kupiga kura, walioandikishwa hawakufika 7.

DARASA NYUMA YA DUKA

Mapambano yalianza kwa njia nyingi. Njia moja ilikuwa kisomo cha watu wazima.

Katika jimbo la South Carolina kuna kisiwa kiitwacho Johns Island. Bwana Esau Jenkins alikuwa akiendesha basi kutoka kisiwani kwenda mjini Charleston. Njiani aliwafundisha abiria wake vifungu vya Katiba. Lakini wengine hawakujua kusoma kabisa. Waliweza kukariri tu.

Mwezi Januari 1957 darasa la kwanza lilifunguliwa kisiwani. Lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Mbele waliuza vyakula, ili watu wasiopenda jambo hilo wasitambue kinachofanyika nyuma. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14, wote watu wazima.

Mwalimu wao alikuwa Bi. Bernice Robinson. Hakuwa amesomea ualimu. Alikuwa mtengenezaji wa nywele na mshonaji wa nguo. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba watajifunza pamoja naye. Hakuwapa vitabu vya watoto wadogo. Aliwauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kujaza fomu za kutuma pesa, na kusoma sheria za uchaguzi. Hayo ndiyo aliyowafundisha.

Aliyesimamia mpango huo alikuwa Bi. Septima Clark. Alikuwa amefundisha shuleni kwa karibu miaka 40. Mwaka 1956 alifukuzwa kazi kwa sababu alikataa kujitoa katika chama cha kutetea haki za watu weusi. Alipofukuzwa hakukaa nyumbani kulia. Alisaidia kueneza madarasa hayo katika majimbo mengi ya kusini. Maelfu ya watu wazima walijifunza kusoma na kuandika humo, na wengi wakaandikishwa kupiga kura.

MAMA ALIYEFUKUZWA SHAMBANI

Bi. Fannie Lou Hamer alizaliwa Mississippi mwaka 1917. Alikuwa mtoto wa 20, na wa mwisho, katika familia ya wakulima maskini. Alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka 6. Shule aliiacha mapema ili afanye kazi.

Mwezi Agosti 1962 alihudhuria mkutano kanisani. Huko vijana wa Kamati ya Wanafunzi, iliyojulikana kwa kifupi kama SNCC, walieleza kwamba watu weusi wana haki ya kupiga kura. Mama huyu alikuwa na miaka 44, na hakuwa amepata kuambiwa jambo hilo.

Tarehe 31 Agosti 1962, watu 18 walipanda basi kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Bi. Hamer alikuwa mmoja wao. Alipewa kifungu kigumu, akashindwa mtihani. Wakati wa kurudi polisi walilisimamisha basi. Walimtoza dereva faini, wakisema rangi ya basi ni ya njano mno.

Jioni hiyo mwenye shamba alikuwa amekwisha pata habari. Alimwambia Bi. Hamer aende kuliondoa jina lake, au ahame. Mama huyu alikuwa amefanya kazi katika shamba hilo kwa miaka 18. Alijibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya bwana huyo, alikwenda kwa ajili yake mwenyewe. Usiku huohuo akaondoka.

Siku chache baadaye, nyumba aliyokuwa amefikia ilipigwa risasi. Mwezi Juni 1963 alikamatwa katika mji wa Winona, akapigwa vibaya sana jela. Lakini mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa amekwisha faulu ule mtihani. Alikuwa ameufanya mara tatu.

VIJANA WANAKUJA MISSISSIPPI

Kamati ya Wanafunzi ilianzishwa mwezi Aprili 1960. Hiyo ilikuwa baada ya wanafunzi wanne weusi wa mji wa Greensboro kukaa katika mkahawa uliohudumia Wazungu tu. Walinyimwa chakula, lakini hawakuondoka mpaka mkahawa ulipofungwa. Kesho yake walirudi, wakiwa wengi zaidi.

Mwaka 1964 Kamati hiyo na vyama vingine viliwaita wanafunzi wa vyuo vikuu waje Mississippi wakati wa likizo. Walikuja mamia kwa mamia, na wengi wao walikuwa Wazungu kutoka kaskazini. Walilala katika nyumba za wakulima na kula chakula chao. Walitembea nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu wajiandikishe. Walifungua Shule za Uhuru zaidi ya 40, ambazo zilisomesha watoto na watu wazima zaidi ya 2,000.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Tarehe 21 Juni 1964 vijana watatu waliuawa. Walikuwa James Chaney, mtu mweusi wa Mississippi, na Andrew Goodman na Michael Schwerner, Wazungu kutoka New York. Maiti zao zilipatikana tarehe 4 Agosti, zimefukiwa chini ya tuta la bwawa.

Watu weusi wapatao 17,000 walijaribu kujiandikisha kiangazi kile. Waliokubaliwa walikuwa 1,600 tu. Lakini sasa nchi nzima ilikuwa inatazama. Mwezi Agosti Bi. Hamer alisimama mbele ya kamati ya chama cha Democratic na kueleza mateso yake. Alisikika katika televisheni kila pembe ya nchi.

Tarehe 6 Agosti 1965 sheria mpya ya haki ya kupiga kura ilitiwa sahihi. Mitihani ile ilisimamishwa. Ilipofika mwaka 1967, katika kila watu weusi 100 wa Mississippi, karibu 60 walikuwa wameandikishwa.

MAHIPI NA WENZAO

Watu wengi wakisikia habari za vijana wa Marekani wa miaka ile, hukumbuka mahipi. Walifuga nywele ndefu, walivaa suruali za bugaluu, na baadhi yao walivuta bangi. Mwaka 1967 walijaa katika mji wa San Francisco. Ni kweli vijana wa namna hiyo walikuwapo. Lakini nywele hazielezi habari yote.

Kijana Mario Savio alikuwa mmoja wa waliokwenda Mississippi mwaka 1964. Aliporudi katika chuo chake kikuu huko Berkeley, alikuta wakuu wamewakataza wanafunzi kuchangisha fedha na kutafuta wanachama wa vyama vya haki mahali pao pa kawaida. Tarehe 1 Oktoba polisi walimkamata kijana mmoja na kumwingiza katika gari. Wanafunzi walikaa chini kulizunguka gari hilo kwa saa 32. Savio alivua viatu vyake ili asiharibu gari, akapanda juu yake na kuhutubia. Mwezi Desemba karibu wanafunzi 800 walikamatwa. Baadaye walimu wa chuo waliwaunga mkono, na marufuku ile ikalegezwa.

Kutoka hapo vijana wengi waliingia katika kupinga vita vya Vietnam. Walikuwa na hoja nzito. Kijana wa miaka 18 aliweza kupelekwa vitani akafe, lakini katika majimbo mengi hakuweza kupiga kura mpaka afike miaka 21. Mwaka 1971 Katiba ilibadilishwa, na vijana wa miaka 18 wakapata kura.

MWALIMU WA HESABU HUKO SAME

Kiongozi mmoja wa kazi ile ya Mississippi alikuwa Bob Moses, mwalimu wa hesabu. Alipinga vita vya Vietnam, na baadaye akaihama nchi yake. Kuanzia mwaka 1969 aliishi Tanzania na familia yake, akafundisha hesabu huko Same, mkoani Kilimanjaro. Alirudi Marekani mwaka 1976. Huko alianzisha mpango wa kuwafundisha hesabu watoto wa maskini. Alisema kwamba katika zama hizi asiyejua hesabu hubaki nyuma kama zamani alivyobaki asiyejua kusoma. Alifariki mwaka 2021.

KURA NA CHAKULA

Bi. Hamer aliona kwamba mtu mwenye kura lakini mwenye njaa bado anaweza kutishwa. Mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika kwa eka 40 za kwanza. Wanachama walilima mboga na pamba. Walikuwa na mradi wa nguruwe pia. Familia ilipewa nguruwe jike, na alipozaa ilirudisha baadhi ya watoto ili familia nyingine nazo zipate. Ushirika huo ulivunjika katika miaka ya 1970 kwa sababu ya hali mbaya ya hewa na upungufu wa fedha. Lakini familia nyingi zilikuwa zimekula jasho lao wenyewe. Bi. Hamer alifariki mwaka 1977.

Mapambano hayo hayakuisha. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ilipunguza nguvu za sheria ya mwaka 1965, na mpaka leo watu wa huko wanabishana juu ya nani azuiwe na nani aruhusiwe kupiga kura. Haki huchungwa kama shamba lililo karibu na nyani. Mwenye shamba akilala, mahindi huliwa.

Wale watu 14 wa Johns Island waliingia darasani usiku, wamechoka kwa kazi za mchana. Walishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Kama wewe msomaji nawe unakwenda darasani jioni baada ya kazi, jua kwamba wenzako wengi wamepita njia hiyo, na wamefika mbali.