Kabla hujamlipa fundi mwingine wa tovuti, tafuta mlezi

Leo siongelei picha za bidhaa wala matangazo ya kulipia. Naongelea mtu. Wengi humu mnauzia Instagram na WhatsApp, na wachache mmeshafungua tovuti kwa WordPress na WooCommerce kama mimi. Hao wachache wasome mara mbili.

Mimi nauza viatu vya mtumba. Nachagua Karume asubuhi na mapema, naosha, napiga picha, naposti. Shule niliishia kidato cha nne. Nilipochoka kuulizwa "bei gani" kwa kiatu kilekile siku nzima, nikamlipa fundi 350,000 anitengenezee duka la mtandaoni. Likaja zuri kweli. Wiki moja kabla ya Idi nikaingia kule nyuma, nikaona taarifa kwamba kuna matoleo mapya, nikabonyeza sasisha vyote. Kuanzia hapo mteja akifika ukurasa wa kulipia, kiduara kinazunguka tu. Fundi simu hapokei. Na mimi ndani nina jozi 60, nimezinunua kwa hela ya kodi ya chumba.

Nikaandika kwenye kundi la watumiaji wa WordPress: "Jamani msaada, tovuti yangu imekufa." Kimya. Jioni dada mmoja akaniandikia pembeni: "Mdogo wangu, ulibadilisha nini kabla haijagoma?"

Nilikasirika. Nilitaka mtu wa kutengeneza, siyo wa kunihoji. Nikamwambia dada, nakutumia nywila uingie mwenyewe. Akakataa. Akasema nywila nisimpe mtu nisiyemjua, hata yeye, na kwamba akitengeneza yeye, mwezi ujao nitamtafuta tena kwa tatizo lilelile.

Basi usiku ule akanipitisha hatua kwa hatua kwenye simu. Kwanza tukachukua nakala ya duka zima tukaiweka pembeni. Halafu tukazima plagini zote tukaacha WooCommerce peke yake, tukarudisha mwonekano wa kawaida unaokuja na WordPress, nikajaribu kununua kiatu changu mwenyewe. Ikapita! Kumbe tatizo siyo WooCommerce. Tukaanza kuwasha plagini moja moja, kila nikiwasha najaribu kununua. Ya saba ndiyo ilikuwa mchawi, ile ya kufanya kurasa zifunguke haraka, haikupatana na toleo jipya. Tukaizima. Ilikuwa saa saba usiku. Vitufe vyote nilibonyeza mimi, yeye kazi yake ilikuwa kuuliza "sasa unaona nini?"

Kabla ya Idi nilitoa jozi 41. Zilizobaki zilinikalia, kodi nikachelewesha, na mwenye nyumba akanisema mbele ya wapangaji wote. Siwadanganyi kwamba kila kitu kiliisha vizuri. Ila duka lilirudi, na nilijua kwa nini lilikuwa limegoma. Hilo la pili ndilo fundi hakuwahi kuniuzia.

Baadaye nikajua WordPress yenyewe ilianza kwa watu kushikana mkono namna hii. Januari 2003 Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 kule Marekani, aliandika kwamba programu anayoitumia kuchapisha maandishi yake imetelekezwa na anafikiria kuiendeleza. Mike Little, mtengeneza programu wa Uingereza aliyemzidi umri, akamjibu kwamba yuko tayari kuchangia. Toleo la kwanza likatoka tarehe 27 Mei 2003. WooCommerce ikaja 2011, na kampuni iliyoianzisha ina mizizi yake Cape Town, hapa hapa Afrika. Vyote viwili ni vya bure na msimbo wake uko wazi. Ubaya wake ni kwamba ukikwama, hakuna ofisi inayodaiwa kukuhudumia. Ujuzi uko kwa watu. Usipokuwa na mtu, una video tu, na video haikuulizi ulibadilisha nini.

Tukaendelea, nusu saa kila Jumatano usiku. Alinifundisha kitu ambacho nyie wote mnaweza kufanya leo: kwenye WooCommerce kuna njia ya malipo ya kuhamisha fedha benki. Badilisha jina lake uandike "Lipa kwa simu", kwenye maelekezo weka Lipa Namba yako na jina linalotokea. Mteja akiagiza, oda inakaa inasubiri na mzigo unapunguzwa kwenye hesabu, mpaka wewe uone hela imeingia ndiyo unaipitisha. Huhitaji kumlipa mtu kwa hilo.

Wiki ya tano akanishtua. Kuna mgeni kaingia kundini, ukurasa wake wa kulipia umegoma. Dada akaniambia, "Huyu mjibu wewe." Mimi? Nikaandika nikifuta, nikifuta nikiandika. Nilimjibu, na sehemu moja nilikosea: nilisahau kumwambia achukue nakala kwanza. Dada akanisahihisha pembeni, siyo mbele ya watu, nikarudi kundini kuongeza mwenyewe. Siku ile nilijifunza kuliko Jumatano zote, maana ukimweleza mwenzio ndiyo unagundua pale ulipokuwa unakariri.

Kutoka hapo akanisukuma kwenye kutafsiri WordPress kwa Kiswahili. Unapendekeza neno, linakaa linasubiri mpaka mhariri alipitishe. Nilikuwa nimeandika "mkokoteni" pale mteja anapoweka bidhaa zake. Akacheka, akaniuliza mama yangu akienda sokoni anabeba nini. Nikaandika kikapu.

Leo natunza maduka 3 ya watu kwa malipo ya mwezi, na viatu bado nauza. Cheti sina. Nilichonacho ni majibu yangu kule kundini, mtu anayasoma kabla hajanipigia.

Sasa tahadhari. Mtu akikutaka ulipe uingie kundi lake la "mentorship", na anachoonyesha ni picha za miamala tu, mpite. Mlezi utamjua kwa maswali anayowajibu watu wakati hakuna anayemlipa. Msome wiki mbili tatu, ndipo umfuate na swali moja lililokamilika: ulifanya nini, ulitegemea nini, kimetokea nini, WooCommerce yako toleo gani, picha ya skrini hii hapa. Ukurasa wa hali ya mfumo ndani ya WooCommerce unakupa taarifa zote, unanakili tu. Akikusaidia, rudi umwambie kama imekubali. Wengi tunapotea tukishapona. Na heshimu muda wake. Mimi niliwahi kumpigia saa tano usiku kuhusu rangi ya kitufe, hakupokea simu yangu siku tatu, na alikuwa na haki. Mikutano ya watumiaji iitwayo WordCamp nayo ni pa kuanzia, majirani zetu Nairobi na Kampala wameshaiandaa.

Ukikwama na duka lako, niandikie. Ila swali langu la kwanza mnalijua.