Kuandika Kwanza, Ndipo Kuunda

Fundi mwenye busara hashiki chuma cha kulehemu kabla ya kushika kalamu. Tuseme zahanati yataka taa ya umeme wa jua ya kuzalishia usiku. Yampasa fundi kwanza aandike hivi: taa iwe ya wati 3, iwake muda wa saa 6, betri iwe ya volti 12. Hapo hesabu itamwongoza. Wati 3 kwa volti 12 ni robo ya ampea. Kwa saa 6 ni ampea-saa moja na nusu. Na kwa kuwa betri ya risasi huharibika upesi ikimalizwa kila usiku, atachagua ya ampea-saa 3. Asiyeandika hubahatisha, na taa ikizimika usiku wa manane, watakaoumia ni mzazi na mtoto wake.