Kinasaba cha Selimundu na Chanzo cha Maambukizi ya Bakteria kwa Watoto
Mtoto mwenye malaria anapokutwa pia na bakteria katika damu, ni vigumu kubaini iwapo ugonjwa mmoja umezaa mwingine, au umaskini na utapiamlo ndivyo vilivyosababisha yote mawili. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulitumia vinasaba kutatua suala hilo. Mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, na urithi huo hautegemei kipato cha kaya. Watoto hao walipata maambukizi machache zaidi ya bakteria. Malaria ilipopungua kati ya 1999 na 2007, tofauti hiyo ilififia. Malaria, basi, ndiyo iliyowafungulia bakteria mlango. Kwa hiyo, mipango ya kuidhibiti isipimwe kwa idadi ya wagonjwa wa malaria pekee.