Agano Jipya Halikuchaguliwa Nikea

Liko dai lililoota mizizi katika mihadhara ya dini, katika riwaya na katika video zinazosambazwa kwa simu: kwamba mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwakusanya maaskofu mjini Nikea, wakavipigia kura vitabu vitakatifu, wakabakiza injili 4 zilizompendeza mtawala na kuzitupa nyingine zote. Dai hilo si la kweli, na lina jinsi ya kupimwa, kwa kuwa maamuzi ya mtaguso ule tunayo. Maaskofu wa Nikea walituachia ungamo la imani, barua na kanuni 20. Kanuni hizo zinaagiza askofu awekwe wakfu na wenzake wasiopungua watatu, zinawakataza makleri kutoza riba, zinaweka masharti ya kuwarudisha kundini walioikana imani wakati wa mateso, hata zinawaelekeza waumini wasali wakiwa wamesimama siku za Jumapili. Hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu. Hadithi ya uchaguzi wa Nikea inatoka katika kitabu kiitwacho Synodicon Vetus, cha karne ya 9, yaani zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso. Humo inasimuliwa kwamba vitabu viliwekwa kanisani karibu na altare, maaskofu wakaomba, na vile vya bandia vikakutwa chini. Voltaire aliichukua hadithi hiyo katika karne ya 18 akaieneza Ulaya, na tangu hapo haijaacha kuzunguka.

Basi vitabu 27 vya Agano Jipya vilikusanywa na nani? Hoja yangu ni kwamba vilikusanywa na usomaji wa ibada. Jumuiya ziliposali zilisomewa. Kilichosomwa miaka nenda rudi mbele ya waumini, katika miji mingi isiyo na mkuu mmoja, ndicho kilichohesabiwa kuwa Maandiko. Wanateolojia walikuja baadaye kueleza kwa nini, na mitaguso ikaja mwisho kuandika jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilikwisha kutendeka.

Wakristo wa kwanza hawakuanza mikono mitupu. Walikuwa na Torati, Manabii na Zaburi, wengi wao katika tafsiri ya Kigiriki, na hayo ndiyo waliyoyaita Maandiko. Nyaraka za Paulo, zilizoanza kuandikwa karibu na mwaka 50, zilikuwa barua za kazi kwa watu mahususi wenye matatizo mahususi. Lakini waraka wa kwanza kwa Wathesalonike unaagiza katika sura yake ya mwisho kwamba usomwe kwa ndugu wote, na ule kwa Wakolosai unataka wabadilishane nyaraka na kanisa la Laodikia. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Wengi wa waumini hawakujua kusoma. Barua kwao ilikuwa kitu cha kusikilizwa mkutanoni, na kanisa lililotaka kuisikia tena lilihitaji nakala. Mwishoni mwa karne ya 1 kanisa la Roma linawaandikia Wakorintho na kuwakumbusha waraka ambao Paulo aliwaandikia wao, maana yake ni kwamba Roma nayo ilikwisha kupata nakala ya barua isiyokuwa yake. Karibu mwaka 155 Yustino Mfiadini anaeleza ibada ya Jumapili: kumbukumbu za mitume au maandishi ya manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu, kisha kiongozi huhubiri. Tafakari uzito wa neno hilo dogo, "au". Kumbukumbu za mitume zimekwisha kukaa kiti kimoja na manabii, na hakuna mtaguso uliozikalisha.

Ushahidi wa vitabu vyenyewe unasema hivyo hivyo. Hati ya mafunjo inayojulikana kama P46, ambayo kurasa zake zimegawanyika kati ya Dublin na Chuo Kikuu cha Michigan, iliandikwa karibu na mwaka 200. Ni kodeksi, yaani kitabu cha kufunua kurasa na si gombo la kukunjua, na imekusanya nyaraka za Paulo pamoja, Waebrania ukifuata mara tu baada ya Warumi. P45, ya karne ya 3, ilibeba injili 4 na Matendo ya Mitume katika kitabu kimoja. Hizi ni nakala za Misri, zilizoandikwa wakati Ukristo haukuwa na ulinzi wowote wa serikali, na makaisari watakaokutana na maaskofu walikuwa bado hawajazaliwa. Tena mwaka 180, mjini Karthago, watu 12 kutoka mji mdogo wa Scillium walisimamishwa mbele ya liwali Saturnino. Aliwauliza wana nini kwenye kasha lao. Sperato akamjibu kwamba ni vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Huu ni miongoni mwa ushahidi wa kwanza kabisa wa Ukristo wa Kilatini barani Afrika, na unawakuta waumini wa kawaida wakisafiri na Paulo wao. Mwaka huohuo au karibu yake, Ireneo wa Lyon alikuwa akitetea kwamba injili ni 4, si zaidi wala si pungufu, akitumia mfano wa pembe 4 za dunia na pepo 4. Kwa mantiki hoja yake ni dhaifu, lakini udhaifu huo una faida kwetu. Mtu anayetafuta sababu za mbinguni kuieleza namba huwa ameikuta namba hiyo tayari mezani.

Mtu aweza kuniuliza: je, mashindano na wazushi si ndiyo yaliyolazimisha orodha? Marcion, aliyetengwa na kanisa la Roma mwaka 144, alikuwa na mkusanyo wake wa Luka iliyopunguzwa na nyaraka 10 za Paulo, na wapo wataalamu waliosema kwamba yeye ndiye aliyewafundisha wengine kutunga orodha. Nakubali kwamba aliwashtua. Lakini sikubali kwamba alianzisha, maana huwezi kukata na kupunguza kitu ambacho hakijaheshimiwa. Marcion alizikuta nyaraka za Paulo zikisomwa, ndiyo maana zilimfaa.

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi namna mambo yalivyokwenda ni cha Serapioni, askofu wa Antiokia mwishoni mwa karne ya 2. Alipotembelea jumuiya ya Rhossus alikuta watu wanabishana juu ya Injili ya Petro. Hakuwahi kuisoma. Aliona ugomvi hauna maana, akawaruhusu waendelee kuisoma. Baadaye akasikia kwamba inatumiwa na watu waliofundisha kuwa Kristo hakuwa na mwili wa kweli. Akaiazima, akaisoma, akaona sehemu kubwa ni sawa na mafundisho aliyoyajua lakini yapo yaliyoongezwa, akawaandikia kubatilisha ruhusa yake. Askofu wa mji mkubwa hakuwa na orodha ya kuchomoa mfukoni. Alikuwa na swali: hiki kinachosomwa huku, tumekipokea kutoka kwa waliotutangulia? Swali hilohilo limo katika orodha ya Kilatini aliyoigundua Ludovico Antonio Muratori mjini Milano na kuichapisha mwaka 1740. Wataalamu wengi huihesabu kuwa ya mwisho wa karne ya 2, wengine ya karne ya 4. Orodha hiyo inataja Ufunuo wa Petro na kukiri kwamba wengine hawataki usomwe kanisani, na inasema kitabu kiitwacho Mchungaji, cha Herma, kisomwe na mtu mwenyewe lakini si hadharani mbele ya waumini, kwa kuwa kimeandikwa juzijuzi tu.

Na hapa ndipo pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja yangu linapotokea. Mchungaji wa Herma ulisomwa mno. Vipande vyake vya mafunjo vilivyookotwa Misri kutoka karne za mwanzo ni vingi kuliko vya Injili ya Marko, na Kodeksi ya Sinai, Biblia kubwa ya karne ya 4, ina Mchungaji pamoja na Waraka wa Barnaba baada ya Ufunuo wa Yohana. Kama usomaji ndio uliochagua, mbona Marko yumo na Herma yuko nje? Jibu ni kwamba usomaji haukuwa wa aina moja. Kulikuwa na kitabu cha kumfundishia anayejiandaa kwa ubatizo, na kulikuwa na kitabu kinachosomwa hadharani kama sauti ya mitume wenyewe. Marko hakuwa kipenzi cha wanakili, kwa kuwa karibu habari zake zote zimo pia katika Mathayo. Lakini tangu enzi za askofu Papia, mwanzoni mwa karne ya 2, alijulikana kama aliyeandika kumbukumbu za Petro. Herma alipendwa, ila kila mtu alijua kwamba ni mtu wa Roma wa kizazi cha baadaye. Waebrania nao wanathibitisha upande wa pili. Mwanateolojia Origene alikiri kwamba mwandishi wake halisi anajulikana na Mungu peke yake, hata hivyo hakuutoa, maana makanisa ya Mashariki yaliusoma. Magharibi, ambako haukuzoeleka hivyo, waliusitia hadi karne ya 4. Mwandishi ni yuleyule asiyejulikana pande zote mbili. Kilichotofautiana ni mazoea ya kusoma.

Mwaka 303 swali la vitabu lilikoma kuwa la wasomi. Kaisari Diokletiano aliamuru Maandiko ya Wakristo yachomwe. Kumbukumbu za mji wa Cirta, katika Algeria ya leo, zimetunza msako wa tarehe 19 Mei mwaka huo: maofisa wanafika kanisani, wanaambiwa vitabu viko kwa wasomaji, wanakwenda nyumba kwa nyumba. Felix, fundi wa mosaiki, anatoa vitabu 5. Victorinus anatoa 8. Wengine katika miji mingine walikataa, wakauawa. Waliotoa waliitwa wasaliti, na ugomvi juu yao uligawanya Kanisa la Afrika Kaskazini kwa zaidi ya karne moja. Kwa jumuiya zilizopitia hayo, kujua ni kitabu gani mtu anaweza kumpa ofisa na kipi inampasa kukifia lilikuwa suala la damu. Wala Konstantino hakuwa bado mtawala.

Watetezi wa hadithi ya Nikea wana hoja mbili zilizobaki. Ya kwanza ni kwamba Konstantino alimwagiza Eusebi wa Kaisaria nakala 50 za Maandiko kwa makanisa ya Konstantinopoli, na kwamba baadaye Jeromu aliandika kuwa Nikea ilikihesabu kitabu cha Yudithi miongoni mwa Maandiko. Agizo la nakala ni la kweli, lakini barua ya Kaisari inazungumzia ngozi nzuri, wanakili hodari na magari ya kusafirishia. Haitaji kitabu gani kiwemo. Kauli ya Jeromu inahusu kitabu kimoja cha Agano la Kale, na huenda ilitokana na mtu kukitaja tu katika mjadala. Kinachoivunja hoja hii kabisa ni waliofuata. Karibu mwaka 350 Kirili wa Yerusalemu anawapa wakatekumeni wake orodha isiyo na Ufunuo. Gregori wa Nazianzo, aliyewahi kuongoza Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, naye anauacha nje. Maaskofu hao wasingethubutu kuuvunja uamuzi wa Nikea kwa namna hiyo kama uamuzi ungekuwepo.

Hoja ya pili ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa: kwamba wenye mamlaka walizima sauti nyingine. Atanasi wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, ndiye wa kwanza tunayemjua kutaja vitabu 27 hivihivi bila kuongeza wala kupunguza, na barua hiyo inapiga vita vitabu vya siri vilivyosomwa Misri. Kodeksi 13 zilizofukuliwa Nag Hammadi mwaka 1945, zenye Injili ya Thoma miongoni mwa maandishi yake, inawezekana zilifichwa kwa sababu ya upepo wa aina hiyo. Kwa hiyo nguvu ya maaskofu ilitumika, na kuna watu waliopoteza vitabu walivyovipenda. Lakini nguvu hiyo ilifunga mlango wa pembeni, haikujenga nyumba. Injili 4, Matendo na nyaraka za Paulo zilikuwa zimekaa imara kwa zaidi ya miaka 150 kabla Atanasi hajashika kalamu, na hata amri yake ilikuwa na nguvu Misri tu.

Mipaka hiyo ya mamlaka inaonekana hadi leo. Tafsiri ya kale ya Kisiria, Peshitta, ilikuwa na vitabu 22 vya Agano Jipya, bila 2 Petro, 2 na 3 Yohana, Yuda wala Ufunuo. Kanisa la Ethiopia linahesabu vitabu 81 katika Biblia yake na limekitunza kitabu cha Henoko, ambacho waraka wa Yuda unakinukuu. Maaskofu wa Afrika waliokutana Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 waliandika orodha, lakini walitaka kanisa la ng'ambo ya bahari liulizwe kabla ya kuithibitisha, na wakaruhusu habari za mashahidi zisomwe siku za kumbukumbu zao. Kanisa Katoliki halikutoa tamko lake la kufunga mjadala hadi Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, wakati Luther alikuwa amekwisha kuchapa Agano Jipya la mwaka 1522 ambamo Waebrania, Yakobo, Yuda na Ufunuo vilisukumwa mwisho bila namba. Msomaji wa Kiswahili leo anaweza kuwa na Biblia ya vitabu 66 au ya vitabu 73. Agano Jipya katika zote mbili lina vitabu 27 vilevile, na kati ya mitaguso mikuu saba ya karne za mwanzo hakuna hata mmoja uliokaa kuvichagua.