Saratani ya Utumbo Ikifika Kwenye Ini: Kwa Nini Dawa Hutangulia Upasuaji

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana kutoka Magunga, Nyandiwa au Sindo akiambiwa ugonjwa umefika kwenye ini, nyumbani huwa ni kama msiba umeshaingia. Wengine huanza kuuza ng'ombe, wengine humshauri abaki nyumbani tu. Kisha daktari huongeza jambo linalowachanganya zaidi: sehemu ya ini yenye uvimbe inaweza kukatwa na kutolewa, lakini si sasa. Kwanza ni kemotherapi, yaani dawa kali za saratani, kwa miezi miwili au mitatu. Familia huuliza: kama uvimbe unaweza kutolewa, mbona usitolewe leo?

Jibu linaanzia kwenye njia ya damu. Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia ini kabla ya kurudi moyoni, kwa hivyo chembe za saratani zikichomoka utumboni, mara nyingi ini ndilo kituo chao cha kwanza. Wapo wagonjwa ambao saratani imefika hapo na haijaenda kwingine, na hao si sawa na wale ambao imesambaa mwili mzima. Tena ini lina uwezo wa kukua upya. Mtu mwenye ini lenye afya akiachiwa theluthi moja hivi, sehemu hiyo huongezeka ndani ya wiki na miezi inayofuata. Baadhi ya waliopasuliwa hivi wameishi miaka mingi, na wapo waliopona kabisa.

Dawa hutangulia kwa sababu picha ya CT haionyeshi kila kitu. Chembe ndogo zinaweza kuwa zimejificha mahali ambapo kisu hakifiki, lakini dawa hupita na damu na kuzifikia. Pia uvimbe ukipungua, daktari wa upasuaji hukata sehemu ndogo zaidi. Katika miaka ya 1990, madaktari wa Paris wakiongozwa na Henri Bismuth walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa walioambiwa ini lao halipasuliki waliweza kupasuliwa baada ya dawa. Na uvimbe ukiendelea kukua hata mgonjwa akiwa kwenye dawa, hiyo pia ni habari muhimu, kwani kumpasua haraka huenda kusingemsaidia.

Hata hivyo, si kila mgonjwa lazima aanze na dawa. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa 364, uliwapa nusu yao dawa mizunguko 6 kabla ya upasuaji na 6 baadaye. Hao walikaa muda mrefu kidogo bila ugonjwa kurudi kuliko waliopasuliwa tu. Matokeo ya baadaye, ya mwaka 2013, hayakuonyesha wazi kwamba waliishi miaka mingi zaidi. Ndiyo maana mwenye uvimbe mmoja mdogo anaweza kupasuliwa kwanza. Jirani yako akianza na kisu nawe ukaanza na dawa, hakuna aliyeonewa.

Dawa zinazotumika sana hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Mojawapo, oksaliplatini, hufanya vidole na koo kufa ganzi vinapokutana na baridi. Wafanyabiashara wa samaki wanaoshika barafu kila asubuhi wanapaswa kulijua hili mapema na kumwachia mwingine kazi hiyo. Jambo la hatari zaidi ni homa. Huku kwetu joto la mwili likipanda tunanunua dawa ya malaria dukani na kulala. Mgonjwa wa kemotherapi asifanye hivyo. Kinga yake huwa imeshuka, na homa ya nyuzi 38 au zaidi inaweza kuwa maambukizi yanayoua kwa saa chache. Aende hospitali usiku huohuo na aseme mapema kwamba yuko kwenye dawa za saratani.

Sasa tufike kwenye jambo linalowaponza wengi. Dawa hizi hupigana na saratani lakini pia huchosha ini lenyewe. Zikizidi, ini huvimba au kujaa mafuta, na upasuaji huwa wa hatari. Kwa hivyo mizunguko huhesabiwa, picha hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, kisha ini hupumzishwa mwezi mmoja hivi kabla ya kisu. Kuna anayejisikia vizuri baada ya mzunguko wa nne akaacha kwenda. Kuna anayeonyeshwa picha isiyo na uvimbe akasema amepona, upasuaji wa nini tena? Madaktari wa Ufaransa walifuatilia sehemu 66 za ini ambazo uvimbe ulikuwa umepotea kwenye picha. Katika 55 kati ya hizo, saratani ilikuwa bado ipo au ilirudi. Hayo yalichapishwa mwaka 2006. Uvimbe kutoonekana kwenye picha si kupona, na tarehe ya upasuaji isiahirishwe kwa sababu hiyo.

Kwetu sisi wa ufuoni kuna mambo ya kumweleza daktari kabla ya dripu ya kwanza. Kichocho cha ziwa huumiza ini. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuamka mgonjwa akianza dawa, hivyo omba upimwe. Anayetumia ARV aseme, kwani anaweza kutibiwa saratani bila kuziacha. Chang'aa iachwe. Manyasi pia yasitumiwe bila daktari kujua. Si dharau kwa wazee wetu, ila ini moja haliwezi kubeba mizigo miwili.

Kichocho hutupotosha mapema pia. Damu kwenye choo hutibiwa kama kichocho, amiba au bawasiri, na mara nyingi ni kweli. Lakini ikiendelea baada ya matibabu, au ikija pamoja na kupungua uzito, kuishiwa damu au choo kubadilika kwa wiki kadhaa, omba rufaa ya kupimwa utumbo kwa kamera, hata kama una miaka 35.

Safari yenyewe huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Homa Bay. Kemotherapi hutolewa pia Kisumu katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, na upasuaji wa ini hufanywa katika hospitali kubwa kama Kenyatta, Nairobi. Jisajili na SHA kupitia *147# na ulipe mchango wa mwaka kabla ya kuugua. Bima hiyo ina kiwango cha mwisho cha matibabu ya saratani kwa kila familia kwa mwaka, kwa hivyo uliza salio kabla ya mzunguko wa kwanza. Beba picha zote za CT, na kabla hujaondoka kliniki uliza maswali mawili: nitapata mizunguko mingapi, na ni daktari gani wa upasuaji atakayeona picha zangu baada ya hapo?