Sare mpya na amri ya kuivaa: kutoka jeshi la Barghash hadi JWTZ

Jeshi linapobadili sare, kugawa nguo mpya ni kazi nyepesi kuliko kuziondoa za zamani. Bohari hutoa jozi moja moja kadiri mzigo unavyowasili, na kwa miezi kadhaa gwaride moja laweza kuwa na askari wa mavazi mawili. Kwa sababu hiyo amri ya mabadiliko huhitaji tarehe mbili: siku ya kuanza kuvaa sare mpya na siku ya mwisho ya kuonekana na ile ya zamani. Baina ya siku hizo, kanuni ya kawaida ni kwamba kikosi hubadilika kizima kwa pamoja. Koti jipya juu ya suruali ya zamani ni kosa hata kama kila kimoja peke yake bado kinaruhusiwa. Askari hukaguliwa gwarideni asubuhi, na anayekaidi hupewa karipio, kazi za ziada au kotagadi, yaani mahabusu ya kambini. Maofisa hutangulia kubadilisha, kwa kuwa afisa anayeng'ang'ania bereti yake ya zamani huwapa askari wake kisingizio ambacho hakuna karipio litakalokifuta.

Unguja na Pemba ziliyaona mabadiliko ya namna hii mwaka 1877. Kabla ya hapo ulinzi wa Sultani ulitegemea Mabulushi chini ya majemadari wao na Wahadhrami waliojulikana kama viroboto. Kila mtu alikuja na nguo zake na silaha zake, na utii wake wa kila siku ulikuwa kwa jemadari aliyempa posho. Mwezi Agosti mwaka huo Sultani Barghash bin Said alimkabidhi Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la wanamaji la Uingereza kutoka meli ya HMS London, kazi ya kuunda jeshi la mtindo wa Ulaya. Mathews alianza na watu wapatao 300, wengi wao Waafrika. Uingereza ilitoa bunduki 500 aina ya Snider, na kufikia 1880 jeshi lilikuwa na askari wapatao 1,300.

Askari wa kawaida walivaa kofia nyekundu, jaketi fupi na suruali nyeupe. Maofisa, waliokuwa Waarabu, walivaa koti refu la buluu iliyokoza lenye mapambo ya nyuzi za dhahabu na fedha, na yumkini Mathews aliiga vazi la wanamaji wenzake. Kwa mpango huo sare ilifanya mambo mawili yanayopingana: iliwaunganisha watu 1,300 machoni pa umma, na papo hapo ikaonyesha wazi nani ataamuru na nani ataamriwa. Tofauti za asili zilishonwa ndani ya vazi. Zaidi ya hapo, mtu aliyevishwa na hazina ya Sultani hakuwa tena mtu wa jemadari. Mabadiliko hayo ya utii yalikuwa na uzito zaidi kuliko rangi ya kofia. Hata hivyo mavazi ya zamani hayakutoweka, kwani katika miji ya mwambao viroboto waliendelea kuonekana miaka ya 1880.

Pemba ililiona jeshi hilo kazini mwishoni mwa 1881. Tarehe 3 Desemba, Kapteni Brownrigg wa HMS London aliuawa baharini jirani na kisiwa hicho alipojaribu kukagua jahazi la watumwa lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Majahazi mengi yaliivaa bendera hiyo kama kanzu ya kuazima, maana Waingereza hawakuwa na ruhusa ya kuyapekua kwa urahisi. Mathews aliongoza kikosi hadi Wete, na baada ya mapigano mafupi alimkamata nahodha wa jahazi hilo la watumwa, Hindi bin Hattam, akiwa na majeraha yaliyomuua baadaye.

Miaka 15 baadaye udhaifu wa sare ulidhihirika. Katika vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, askari wapatao 700 wa jeshi hilohilo walisimama upande wa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, huku wengine 900 wakiwa upande wa Waingereza chini ya Mathews na Luteni Arthur Raikes. Mafunzo ya pamoja hayakuwazuia kuelekezeana bunduki.

Karne ya 20 ilileta khaki na tarbushi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902. Tarbushi yenyewe ilikuwa na historia ya amri: mjini Istanbul, Sultani Mahmud wa Pili aliwavunja askari wa Yanisari mwaka 1826, kisha akalivisha jeshi jipya kofia hiyo. Yanisari walivunjwa kwa mizinga. Njia hiyo ya kuondoa mavazi ya zamani haihitaji muda wa mpito.

Zanzibar ilipopata uhuru Desemba 1963 haikuwa na jeshi, ila polisi. Wanamapinduzi wa tarehe 12 Januari 1964 walichukua bunduki kwenye ghala la polisi la Ziwani, kwa hiyo silaha zilipatikana kabla ya sare. Baada ya Muungano, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lililoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964 lilikusanya watu waliopitia mikono tofauti: Wakanada walifundisha Bara kuanzia 1965, na Wachina walikuwa na wanafunzi wao. Vazi moja lilikuwa miongoni mwa mambo machache yaliyoweza kuwafanya waonekane jeshi moja mapema.

Siku hizi shida imehamia uraiani. Agosti 2023 JWTZ iliwapa wananchi siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Ulinzi ni jambo la Muungano, hivyo agizo lilimhusu mkazi wa Mkoani, Pemba, sawasawa na wa Dodoma. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 nayo inakataza kuvaa sare hizo bila ruhusa.

Ugumu umo katika neno "yanayofanana". Suruali ya mabaka iliyotoka kwenye robota la mitumba huenda ilishonwa kwa ajili ya wawindaji wa Ulaya. Pemba kuna jambo jingine: mbali na JWTZ, yenye kambi ya Ali Khamis huko Vitongoji, mwananchi hukutana na polisi, KMKM wanaozuia magendo ya karafuu, JKU, Mafunzo, Zimamoto na Valantia, kila kikosi na vazi lake. Anayesimamishwa njiani usiku ana haki ya kujua aliyemsimamisha anatoka kikosi gani, na alama ya kwanza ni nguo. Ndiyo sababu majeshi mengi huandikisha sare kama mali ya bohari, huzidai kwa anayestaafu, na huzichana au kuzichoma zilizochakaa kabla hazijafika sokoni.