Komeo la Goti, Jipu la Ukwato

Jana jioni punda ameshuka na magunia ya mpunga kutoka mashamba ya Ndungu, huku Upare, mzima kabisa, akafika nyumbani Gonja Maore akala pumba zake. Asubuhi mguu wa nyuma wa kulia haukanyagi. Anaugusisha chini kwa ncha ya ukwato tu, akisukumwa anaruka kwa miguu mitatu. Kila apitaye ana lake. Huyu anasema nyonga imechomoka, yule anasema amekanyaga shimo gizani, na wa tatu anapapasa paja huku akiulizia mafuta ya kuchulia. Wote macho yako juu. Ugonjwa, mara nyingi kuliko kwingine kote, uko chini.

Lakini tuanze huko huko juu, maana mguu wa nyuma wa punda umewadanganya wengi. Lile “goti” linalokunjika kinyumenyume si goti, ni kisigino. Goti la kweli liko karibu na tumbo, limejificha chini ya ngozi na nyama. Punda, sawa na farasi na punda milia, hutembea juu ya kucha ya kidole kimoja tu cha kati, na kucha hiyo ndiyo tunayoiita ukwato.

Ndani ya goti lililojificha kuna komeo. Mfupa wa paja, mwisho wake wa chini, una nundu kama pua. Pia ya goti imeshikwa na kano tatu. Mnyama akitaka kupumzika, huinyanyua pia na kuitundika juu ya nundu ile, na kano ya upande wa ndani inanasa kama kitanzi kwenye kigingi. Mguu mzima unabaki umekakamaa, misuli haifanyi kazi yoyote ya maana. Ndiyo maana punda anasinzia amesimama, uzito wote uko kwenye mguu mmoja wa nyuma na mwenzake umegusa ardhi kwa ncha tu. Baada ya muda anabadilisha. Usingizi mzito humlazimu alale chini, ila huo ni wa muda mfupi.

Kwa hiyo kusimama kwa ncha ya ukwato peke yake si dalili. Mtazame dakika chache. Akibadilisha miguu, anapumzika. Mguu ukiwa ni ule ule kila ukitazama, anaumwa.

Na komeo lenyewe hukwama. Mguu unanyooka nyuma kama mti, haukunjiki, na ncha ya ukwato inachora mstari kwenye vumbi. Mara unasikia kitu kinafyatuka, punda anaondoka kama hakuna lililotokea, na mwenye mnyama anabaki akidhani ameota. Huwapata zaidi wadogo na waliokonda, ambao misuli ya mapaja imesinyaa. Mara nyingi kumrudisha kinyumenyume hatua chache kunatosha kulifungua. Likirudia kila siku, dawa huanza na chakula na mazoezi ya kuirudisha misuli ya paja. Kisu cha daktari ni cha mwisho.

Utauliza mbona ni punda na si farasi. Farasi walipita huku. Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilishuka kandokando ya milima ya Upare likiwafuata Wajerumani kwenye reli ya Tanga, na katika vita vile farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu. Mbung'o aliwamaliza wengi, na usubi akasaidia, kwa kueneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao farasi wengi wanaoupata hawaponi. Punda milia wanaweza kuwa na virusi vyake mwilini wasiugue, na jirani na Gonja iko Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, ambako punda milia wamejaa. Punda wa Kiafrika naye mara nyingi huupata kidogo tu, au asionyeshe dalili kabisa. Huyu ni mwenyeji: wazee wake walifugwa yapata miaka 7,000 iliyopita upande huu huu wa Afrika, na punda mwitu wachache bado wako Ethiopia na Eritrea, kwenye nchi ya mawe na ukame.

Usubi, basi, amemshinda. Kinachomwangusha ni tope.

Ukwato wa punda umesimama zaidi kuliko wa farasi, ni mwembamba, na hunywa maji upesi. Kwenye changarawe za upande wa Mkomazi hilo halina madhara. Mpitishe kwenye majaruba ya mpunga, kisha mlaze kwenye banda la kinyesi kibichi, na unyayo unalainika. Changarawe ndogo au mwiba unapenya kwenye ungo kati ya ukuta na unyayo, vijidudu vinafuata, usaha unajikusanya. Jipu la mkononi huvimba kwa kuwa ngozi inavutika. Ukwato hauvutiki. Usaha unaminywa ndani ya kasha gumu, na hapo ndipo mnyama aliyekuwa mzima jana anaamka hakanyagi.

Msogelee kutokea ubavuni, ukiongea naye, mkono ukiteremka taratibu kutoka mgongoni. Shukrani ya punda mnaijua. Linganisha joto la kwato mbili za nyuma. Papasa mshipa wa damu juu kidogo ya ukwato: penye jipu hudunda kwa nguvu. Gonga unyayo polepole, naye atauvuta mguu. Akiweza kutembea, mtazame kwa nyuma: nyonga ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Mguu ukining'inia, au ukijipinda pasipo kiungo, huo ni mfupa. Usimtembeze, mwite bwana mifugo aje pale punda alipo.

Bwana mifugo aitwe hata kwa jipu. Nimewaona watu wakichokonoa unyayo kwa ncha ya panga, na sikuwaonea wivu punda wao. Mwenye kifaa na mazoezi hufungua tundu dogo, usaha mweusi unatoka, na mara nyingi siku hiyo hiyo mnyama anaanza kukanyaga. Baada ya hapo ni maji ya vuguvugu yenye chumvi, kitambaa safi, mfuko wa nailoni juu yake, na sakafu kavu. Mizigo isubiri.

Kisha kuna sindano ambayo haifai kuachwa. Vidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi, na hupenda jeraha lililofungika lisilopata hewa, yaani jipu kama hili. Watu wa kale hawakubahatisha walipoupa ugonjwa huo jina: punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoumia nao upesi kuliko wengine, taya zikafunga, masikio yakasimama, mkia ukanyooka kama ufito.

Asiyetibiwa, usaha wake hupanda ndani ya ukuta hadi unapasukia juu, pale nywele zinapokutana na ukwato. Hubaki ufa mdogo wa mlalo, nao hushuka jinsi ukwato unavyokua, sentimita moja au pungufu kwa mwezi. Ukiwa unanunua punda mnadani, mtazame hapo. Ufa ulio vidole viwili chini ya nywele una miezi minne hivi, na muuzaji aliyesema mnyama wake hajawahi kuchechemea aulizwe tena.